"Chagua tu": kisa cha maharusi wawili na miezi sita ya maandalizi Nairobi

Kisa hiki ni cha maharusi wawili niliokaa nao kama mshauri wa wanandoa jijini Nairobi. Wamekubali kiandikwe. Majina, kazi, kanisa, mitaa wanakoishi na tarehe vimeondolewa, na viwango vya pesa vimesogezwa kidogo bila kuvuruga hesabu. Nimekichagua kwa sababu hakina jambo kubwa ndani yake. Hakuna aliyemsaliti mwenzake, hakuna familia iliyoipinga ndoa, hakuna aliyetoroka na hela za kamati. Kilichowachosha ni rangi ya kitambaa, idadi ya viti na meseji za usiku. Watu huyapuuza mambo haya na kumwambia bi harusi ajikaze, ni siku moja tu. Mimi nimeona yakiwafikisha watu wanaopendana hatua moja tu kabla ya kuahirisha ndoa, kwa hiyo nayapa uzito wake.

Usuli

Bi harusi alikuwa na miaka 29, ameajiriwa katika ofisi moja katikati ya jiji. Bwana harusi alikuwa na miaka 32 na kazi yake ilikuwa ya zamu, wiki moja mchana, wiki nyingine usiku. Kwao binti ni Ukambani, kwao kijana ni magharibi mwa Kenya, na wote walikuwa wamekaa Nairobi tangu siku za chuo.

Ntheo ilikuwa imekwisha kupelekwa, yaani wale mbuzi watatu wa desturi ya Wakamba, pamoja na sehemu ya mahari. Kwa wazee wa upande wa binti, hapo mambo yalikuwa yamekamilika: binti ameolewa, harusi ya kanisani ni shangwe za nyongeza. Sheria ya Ndoa ya 2014 haiwakosoi, kwani inaitambua ndoa ya kimila pamoja na ya Kikristo, ya kiserikali, ya Kihindu na ya Kiislamu, na inasema kwamba pale mahari inapohitajika, kiasi kidogo tu kilichotolewa kinatosha kuithibitisha ndoa hiyo. Kwa wazazi wa kijana, lakini, hakukuwa na ndoa mpaka pete ivalishwe mbele ya madhabahu na jamaa wote waliosafiri usiku kucha kwa basi waione. Hawakugombana juu ya hili. Ila lilikuwa chini ya karibu kila kitu kilichofuata: upande mmoja ulitaka sherehe ya kiasi, wa pili ulikuwa ukingojea siku yenyewe.

Bajeti ya kwanza ilikuwa shilingi 630,000 kwa wageni 250: kanisa la jijini, kisha uwanja wa kukodi upande wa Ruiru. Chakula kilikadiriwa shilingi 700 kwa sahani. Maharusi walikuwa na akiba ya shilingi 300,000. Zilizobaki zingetafutwa na kamati ya harusi.

Anayeijua Nairobi anaijua kamati. Marafiki, jamaa na wafanyakazi wenzako hukutana kila wiki, wanachagua mwenyekiti na mweka hazina, wanatoa michango na ahadi. Ni jambo jema sana, na bila hilo vijana wengi wasingefunga ndoa mbele ya watu. Lakini mtu akishatoa shilingi zake elfu mbili huona, na ni haki yake kuona hivyo, kwamba naye ana neno la kusema. Kundi la WhatsApp lilianza na watu wachache wa karibu, likafika watu 140.

Mambo yalivyokwenda

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya furaha. Uwanja ulilipiwa malipo ya awali, mpiga picha akapatikana, bi harusi akachagua samawati iliyokolea kwa wapambe wake.

Katika mwezi wa tatu orodha ya wageni ilianza kunenepa. Mama wa bwana harusi alituma majina ya akina mama wa chama chake cha kusaidiana. Mjomba akaongeza majirani wa kijijini. Upande wa binti, waliokuwa wakitaka sherehe ya kiasi, walipoona mwenzao anaongeza nao wakaongeza. Orodha ikafika majina 380. Watu 130 wa ziada kwa shilingi 700 ni shilingi 91,000, bila kuhesabu tenti la pili na viti. Hakuna aliyesema hapana, kwa sababu hakuna aliyejua ni nani mwenye kuisema.

Wakati huohuo bi harusi alikuwa akipokea maswali. Je, keki ni ya ngazi ngapi? Wazee wa kanisa watakaa meza gani? Kuna mgonjwa wa sukari, atakula nini? Mbona gari la maharusi ni jeupe na la wazazi ni jeusi? Alikuwa akiyajibu ndani ya matatu, kwenye foleni ya benki, na usiku saa tano, wakati kuna shangazi aliyependa kuanza meseji zake na "Mwanangu, samahani kwa usumbufu."

Kila alipomuuliza bwana harusi afanyeje, alipata jibu moja: "Wewe chagua tu, mimi niko sawa."

Wiki saba kabla ya harusi likaja suala la kitambaa. Lilikuwa jambo dogo kuliko yote, na ndilo lililovunja ukuta. Kitambaa cha wapambe kilikuwa kimekwisha kununuliwa Eastleigh na kupelekwa kwa fundi. Kwenye kundi, mmoja wa jamaa wenye heshima akaandika kwamba samawati ile itafanana na sare za wahudumu wa uwanja ule, afadhali zambarau. Watu kadhaa wakaunga mkono. Bi harusi, kwa kutotaka maneno, akakubali. Siku ya pili akakimbilia Eastleigh saa ya chakula cha mchana, akapanda ngazi za maduka matatu ya vitambaa huku ameshika kipande cha sampuli mkononi. Zambarau aliyoipata ilikuwa nyepesi na inateleza. Fundi akamwambia kwa simu kwamba kitambaa cha namna ile hakishoneki kwa mtindo aliouchagua, na kwamba gauni mbili za samawati alikuwa ameshazikata. Alirudi ofisini amechelewa, mkononi ana mita nne za kitambaa asichokitaka.

Jioni hiyo bwana harusi alipompigia, swali lake la kwanza lilikuwa: "Kwani bado hujawalipa watu wa matenti?"

Bi harusi alikata simu. Usiku wa manane akamwandikia kwamba harusi hii iachwe, waende tu kwa AG, yaani ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Alimaanisha ndoa ya kiserikali mbele ya Msajili wa Ndoa, Sheria House: unatoa ilani ya siku 21, unakuja na mashahidi wawili, mambo yamekwisha. Bwana harusi alishtuka. Kwa maneno yake mwenyewe, alidhani mambo yalikuwa yanaenda vizuri.

Siku chache baadaye walikuja kwangu.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Sikuanza na kitambaa wala na AG. Nilimpa kila mmoja karatasi, nikawaomba waandike kila kitu cha harusi wanachokikumbuka kichwani wakati ule, bila kusaidiana. Bwana harusi aliandika mistari mitano: suti, soda, gari, mshereheshaji, salio la mahari. Bi harusi alijaza kurasa mbili, akageuza ya pili akaandika pembeni. Ndani yake mlikuwa na mambo kama "dawa ya baba ya presha, nani ataibeba?", "vyoo vya uwanjani vina maji?" na "kumkumbusha (jina la bwana harusi) apime viatu". Bwana harusi alizisoma zile kurasa polepole. Kisha akasema jambo lililobadilisha mazungumzo: kila aliposema "chagua tu", alikuwa akidhani anampa heshima. Kwao mama ndiye aliyekuwa na usemi wa mambo ya nyumba, na baba hakumwingilia. Bi harusi yeye alilisikia lile neno kama mlango unaofungwa.

Kuhusu AG walizungumza kwa kirefu. Sheria ingewaruhusu, na wapo wanaofanya hivyo wakafurahi. Walikataa kwa sababu mbili. Ya kwanza, malipo ya awali yasingerudi na jamaa wa mbali walikuwa wamekwisha kukata tiketi. Ya pili aliitaja bi harusi mwenyewe: hakutaka kuingia katika ndoa kwa kukimbia watu wake.

Baada ya hapo waliamua mambo haya.

Kazi ziligawanywa kwa sehemu nzima nzima. Zamani bwana harusi alikuwa "akisaidia", yaani anatumwa. Sasa alichukua matenti, chakula, usafiri na hati za kanisa, kuanzia kufikiria, kupiga simu, kulipa, mpaka kujibu maswali. Bi harusi akabaki na mavazi, mapambo, ratiba ya siku na jamaa wa kwao. Sharti lilikuwa kwamba hakuna kumkumbusha mwenzako. Hili lilikuwa gumu zaidi kwa bi harusi kuliko kwa bwana harusi, na linaeleweka: mtu aliyebeba mzigo peke yake kwa zaidi ya miezi minne hauachi kwa siku moja.

Wageni walipewa kikomo cha 280: kila upande 110, marafiki 60. Anayetaka kuongeza jina atoe jingine upande wake. Kimyakimya wakaagiza sahani 30 za akiba, kwa sababu harusi ya Kenya haina mlango. Ziada ya chakula ikawa shilingi 42,000.

Pesa zilihesabiwa zilizo mkononi tu. Ahadi zilikuwa zimefika shilingi 410,000, na wote walikuwa wakipanga kana kwamba zipo. Mweka hazina alipofungua daftari lake, zilizokwisha kuingia kwa M-Pesa na taslimu zilikuwa 236,000. Kwa hiyo kulikuwa na 536,000 jumla, na bajeti ikakatwa ifuate hapo. Magari ya kukodi ya shilingi 40,000 yaliondolewa, marafiki wakaazima yao. Mapambo yalipunguzwa kwa 45,000. Video iliondoka, 25,000, zikabaki picha. Keki ya 20,000 ikawa zawadi ya wasimamizi wa harusi. Ukijumlisha na ziada ya chakula, bajeti ilishuka hadi 542,000. Pengo la 6,000 bwana harusi alilifunga mwenyewe.

Kundi la WhatsApp lilibaki, lakini likawa la matangazo, wanaoandika ni mwenyekiti na mweka hazina tu. Maswali ya upande wa binti yakaenda kwa shangazi yake, ya upande wa kijana kwa mjomba. Mjomba ndiye aliyeliwasilisha katika mkutano wa kamati. Aliwaambia manahodha wengi chombo huenda mrama, akashukuru kila mmoja kwa mchango wake, akasema rangi ni samawati na haitajadiliwa tena. Hakuna aliyebisha.

La mwisho: Jumatano jioni ilitengwa iwe yao wawili, bila neno la harusi.

Matokeo

Harusi ilifanyika siku ileile iliyopangwa. Matangazo yalisomwa kanisani Jumapili zote tatu, hati zikafika kwa wakati. Wiki moja kabla, bi harusi aligundua kwamba bwana harusi hajaagiza jenereta. Alikaa na jambo hilo siku mbili kwa ajili ya lile sharti, kisha akamwuliza wazi. Lilipatikana, kwa bei ya juu kidogo. Siku yenyewe umeme haukukatika, lakini wote wawili wanasema wasingelala bila lile jenereta.

Mama wa bwana harusi alifika na matatu iliyojaa akina mama wa chama chake, wote kwa sare ya kitenge. Hawakuwa kwenye orodha. Sahani za akiba ziliwatosha, ingawa vijana wa muziki walikula mwisho kabisa na wali mtupu wenye mchuzi. Akina mama wale waliimba vizuri kuliko kwaya iliyoalikwa, na picha ambayo maharusi wanaipenda zaidi ni yao.

Hakuna deni lililobaki. Ahadi chache ziliingia baada ya harusi.

Uchambuzi

Katika yote yaliyofanywa, naona lenye nguvu zaidi lilikuwa ile karatasi. Uchovu wa bi harusi haukutokana na wingi wa kazi peke yake. Wapo wanaofanya kazi nyingi kuliko hizo na wanalala. Ulitoka kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akikumbuka kila kitu kwa niaba ya wote, na kukumbuka hakuonekani. Bwana harusi aliona viti vimekodishwa, hakuona simu zilizopigwa mpaka vikakodishwa. Ndiyo maana swali la "kwani bado hujawalipa" liliumiza kuliko tusi. Yeye aliuliza habari, mwenzake akasikia kwamba kazi yote ni yake na sasa ameshindwa. Kumwambia mchumba "niambie nikusaidie nini" hakuondoi mzigo huu, kwa sababu kupanga anachopaswa kuambiwa nako ni kazi. Kumpa sehemu nzima ndiko kuliuondoa.

La pili lililofaa ni kufunga maamuzi. Samawati haikuwa rangi bora kuliko zambarau. Thamani yake ilikuwa kwamba imekwisha kuamuliwa. Kila uamuzi unaoachwa wazi humrudia bi harusi usiku, na watu wema wenye nia njema ndio wanaoufungua tena, kwa sababu hawajaambiwa umefungwa. Nasisitiza kwamba kamati haikuwa adui. Ilipoambiwa wazi mipaka yake iliheshimu, na mkutano uliofuata ulichangisha zaidi ya uliotangulia. Watu hawa walikuwa wameachiwa pengo, wakalijaza.

Sharti la kutokumbushana lilifaa nusu. Tulilisema kwa ukali kupita kiasi, na jenereta likaonyesha udhaifu wake: bi harusi alinyamaza siku mbili kulinda kanuni huku roho ikimdunda. Maharusi walilirekebisha wenyewe, na rekebisho lao ni bora: uliza mara moja, kwa uwazi, kisha uache. Tofauti ya kuuliza na kusimamia iko kwenye ile mara ya pili.

Lililoshindikana ni habari ya mama mkwe. Kikomo cha wageni alikisikia kutoka kwa mjomba, ambaye ni ndugu yake mdogo. Mama aliyemlea mwanawe, akamsomesha, na akachangiwa na chama chake katika msiba na katika karo, hakustahili kupata habari hiyo kwa mjumbe. Wale akina mama hawakuwa majina tu. Kwake lilikuwa deni la heshima la miaka mingi, na harusi ya mwanawe ndiyo nafasi aliyokuwa nayo ya kulilipa. Bwana harusi angeketi naye, akamweleza hesabu, akamwuliza ni wageni gani asioweza kuwaacha, naamini wangefikia idadi ya haki. Badala yake mama alisusia mikutano miwili ya kamati, kisha akaja na matatu yake. Wageni wa upande wako wanaweza kushughulikiwa na mjomba, lakini mzazi wako unamwendea mwenyewe, na mapema, kabla orodha haijaandikwa.

Jumatano bila harusi ilidumu wiki nne, kisha siku za mwisho zikaimeza. Hata hivyo bi harusi anaitaja kila anapozungumza juu ya kipindi kile. Jumatano ya pili walikula samaki kwenye kibanda karibu na kituo cha matatu, wakazungumzia nyumba ya kupanga, na ndipo alipogundua kwamba walikuwa hawajawahi kuulizana watakaa wapi baada ya harusi.

Baadhi ya mambo bado hayajatengemaa. Mmoja wa marafiki wa bi harusi aliondolewa kwenye wapambe bajeti ilipokatwa, akaarifiwa kwa meseji, na tangu hapo hawajarudiana. Mama mkwe na mkaza mwana wanaelewana, ingawa bwana harusi alilazimika kusafiri nyumbani peke yake, miezi miwili baada ya harusi, kwenda kumwomba mama radhi na kupeleka vitenge kwa wale akina mama wa chama. Mama alivipokea. Kisha akamwuliza kwa nini hakuja na mkewe, na wamepangiwa kurudi wote wawili mwezi wa nane.